Unga Hauvunjiki

Muhogo ukishang'olewa una siku mbili au tatu tu. Baada ya hapo nyama yake nyeupe huanza kuingia michirizi ya bluu na kahawia, na mnunuzi aliyekuwa akikubembeleza jana huanza kukupa pole. Lakini ndani ya siku hizo chache mzizi huo ni mgumu kweli. Utafungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu, utarushwa juu ya lori, watu watakaa juu yake, na bado utafika sokoni ukiwa muhogo.

Sasa umenye muhogo huo huo, ukate slesi za milimita moja au mbili, uzikaange mpaka povu la mafuta litulie. Umepata krips. Ukizifunga vizuri zitakaa miezi bila kuharibika, ila haziwezi tena kuanguka kutoka kimo cha meza bila hasara. Tatizo la muda limeondoka, nafasi yake imechukuliwa na tatizo la safari. Na kwa mtu wa Busunzu, kata ya Wilaya ya Kibondo, ambaye kati yake na Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 1,000, safari ndiyo biashara yenyewe.

Nyanda za juu za Kigoma, Kibondo na Kasulu pamoja, zimezoea kuuza muhogo ukiwa vipande vikavu (makopa), uliovundikwa na kukaushwa (udaga), au unga. Semina za ujasiriamali huitaja hali hiyo kwa masikitiko, kana kwamba Waha wa huko hawajapata habari ya kuongeza thamani. Mimi naiona ni hesabu iliyopigwa zamani na watu wanaoijua barabara yao. Unga hauvunjiki, maana umeshavunjika tayari. Kinachosahaulika kwenye semina ni kwamba thamani ikishaongezwa inabidi ibebwe, na mara nyingi bidhaa ikipanda thamani hupungua uwezo wa kuvumilia kubebwa.

Tuanze na krips yenyewe. Zaidi ya nusu ya uzito wa muhogo mbichi ni maji. Kukaanga huyafukuza karibu yote, zikabaki asilimia chache tu, na wanga uliobaki hukakamaa kama kioo. Hali hiyo ndiyo inayotoa ule mlio wa kutafuna. Acha pakiti wazi usiku mmoja wa masika, wanga unywe unyevu wa hewani, na asubuhi utakuta krips zinazopinda bila kuvunjika. Hapo hazina hatari ya kuvunjika, na hazina mnunuzi. Mwaka 2004 Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford na mwenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa ukiongeza sauti ya mlio wa krips masikioni mwa anayekula, huziona ni mpya na kavu zaidi, ingawa ni zile zile. Kazi hiyo ilituzwa Ig Nobel mwaka 2008, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Mama anayekaanga krips stendi angeweza kuwaambia hivyo bila maabara, lakini hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo mtengenezaji wa krips ana kazi ya ajabu kidogo. Anatengeneza kitu ambacho lazima kivunjike kwa urahisi, halafu anatakiwa kuhakikisha hakivunjiki mpaka kifike mdomoni mwa aliyelipa.

Katika viwanda vikubwa vya vitafunwa, wageni huonyeshwa kikaangio, kwa sababu kinang'aa na kinanukia vizuri. Wahandisi wenyewe huangalia pale krips zinapotoka kwenye mkanda mmoja na kuangukia mwingine. Krips iliyotulia juu ya mkanda unaokwenda haipati shida yoyote, hata mkanda uwe na urefu wa mita 50. Madhara yako kwenye mpito: kutoka kikaangioni kwenda kwenye mkanda wa kupoozea, kutoka hapo kwenda kwenye pipa la viungo, kutoka pipani kwenda kwenye mizani, kutoka mizanini kwenda kwenye pakiti. Kila mpito una anguko, na nishati ya kugonga hupanda sawia na kimo. Ukipunguza kimo kwa nusu, umepunguza nishati kwa nusu. Kitu kikianguka sentimita 10 hutua kwa mwendo wa mita 1.4 hivi kwa sekunde. Kikianguka sentimita 50 hutua kwa mita 3 hivi, isipokuwa kama hewa imekipunguzia kasi kidogo. Na kipo kizingiti: chini ya kimo fulani krips karibu zote hupona, na ukikipita hupasuka kwa wingi. Kwa sababu hiyo fundi anayejua kazi hagombani na idadi ya maanguko kabla ya kugombana na urefu wake. Anguko moja refu hulikata kuwa mafupi kadhaa kwa kuweka mbao za mteremko. Lakini hawezi kukata bila mwisho, maana kila mpito una kingo zake, na kingo humega.

Mkanda wenyewe nao una historia ya ubishi. Konveya iliyozoeleka kwa muda mrefu ni trei ya chuma inayotetemeka kimshazari, ikirusha mzigo juu kidogo na mbele kidogo, mara nyingi kwa kila sekunde. Haina mengi ya kuharibika, na kwa karanga au mahindi haina ubaya. Kwa krips kila mruko mdogo ni anguko dogo, tena chumvi na pilipili zilizonyunyiziwa huachana na krips na kubaki chini ya trei, hata mteja wa pakiti moja akapata krips zisizo na ladha na mwingine akalipuliwa ulimi. Ndipo ikaja konveya ya mwendo wa bapa. Trei yake haipandi wala haishuki. Inakwenda mbele polepole, kiasi ambacho msuguano unatosha kuzichukua krips pamoja nayo, kisha inarudi nyuma ghafla, kwa kasi ambayo msuguano hauwezi kuifuata, na krips zinabaki pale zilipofika. Zinasogea bila kuruka, takriban mita 10 kwa dakika, na chumvi yake juu yake. Aliyewahi kuchagua maharage kwenye ungo anaijua kanuni hii mkononi, hata kama hajawahi kusikia jina la msuguano: mkono unaosukuma taratibu na kuvuta kwa ghafla hukusanya punje upande mmoja bila kuzitupa hewani.

Halafu inakuja kejeli ya kiwanda. Baada ya upole wote huo, krips hupandishwa juu kabisa ya jengo ili zishushwe kwa anguko refu kuliko yote. Sababu ni mizani. Mwaka 1972 kampuni ya Ishida ya Japani ilibuni mashine ya kupimia yenye vichwa vingi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa pilipili hoho, ambazo hazifanani uzito. Kila kichwa hushika fungu dogo na kulipima, kisha kompyuta hutafuta mafungu gani yakijumlishwa yatakaribia zaidi uzito unaotakiwa. Vichwa 10 tu vinatoa mchanganyiko wa aina 1,023, kwa hiyo jibu zuri halikosekani. Mashine hii ilileta uaminifu wa gramu ambao mikono haiwezi. Lakini hukaa juu ya mashine ya kufungashia, na krips hupita kwenye bomba zikianguka zaidi ya mita moja hadi ndani ya pakiti. Kinachoziokoa ni wepesi wake, hewa inayozipunguza kasi, na mafundi waliolaza kuta za bomba ili ziteleze badala ya kudondoka. Tumejua kupima kabla ya kujua kushusha.

Wapo waliochoka na ubishi huu wakabadili umbo la krips lenyewe. Fredric Baur, mkemia wa Procter & Gamble ya Cincinnati, alipewa kazi ya kushughulikia malalamiko ya wateja kuhusu krips zilizovunjika na zilizochacha. Akazikunja zote kwa umbo moja la tandiko, akazipanga moja juu ya nyingine ndani ya kopo refu. Pringles ziliingia sokoni mwaka 1968. Wahandisi wa kampuni hiyo wamewahi kueleza kuwa walitumia kompyuta kubwa kuhakikisha krips hizo hazipeperuki zikipita kwa kasi kiwandani. Baur alipofariki mwaka 2008, sehemu ya majivu yake ilizikwa ndani ya kopo la Pringles, kwa ombi lake. Ni mtu aliyeamini kifungashio chake mpaka mwisho.

Sasa tutoke kiwandani. Anayekaanga krips katika kata kama Busunzu hana konveya ya mwendo wa bapa. Ana mikono, chujio, beseni na ndoo, na hiyo ndiyo konveya yake, yenye maanguko mengi kuliko anavyodhani. Tumfuate. Anaopoa krips kwa chujio, kisha anagonga chujio kwenye ukingo wa karai mara mbili tatu ili mafuta yachuruzike. Hilo ni pigo la kwanza, na krips za chini zinalipokea zikiwa zimebeba za juu. Anazimwaga kwenye beseni. Zikipoa, anazimimina kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya watoto. Ndoo ya lita 20 ina kina cha karibu sentimita 40. Krips za kwanza zinashuka kina chote hicho na kugonga plastiki tupu, za mwisho zinatua juu ya wenzao na kuzikandamiza. Anatia chumvi, anafunga, anatikisa ndoo ili ikolee. Jioni anaimimina ndoo mezani, anajaza vifuko kwa kiganja, na kila kifuko kinagongwa mezani ili kilichomo kishuke kitoe nafasi.

Hakuna pigo kubwa hata moja kati ya hayo, na ndiyo maana hakuna anayeyaona. Hasara inaonekana mwishoni, chini ya kifuko, kama chenga. Chenga hushuka chini zenyewe kila kifuko kinapotikiswa, kwa kuwa vipande vidogo hupenya kwenye mianya ya vikubwa, na vikubwa haviwezi kurudisha ugeni huo. Mnunuzi mzoefu hupindua kifuko kabla ya kutoa hela.

Dawa ya sehemu hii haihitaji mkopo. Chujio liinamishwe na kusubiriwa badala ya kugongwa. Chumvi iwekwe krips zikiwa bado na mafuta ya moto, kwa kunyunyiza, bila kutikisa. Ndoo iondolewe kabisa kwenye mlolongo. Krips zipoe kwenye sinia pana zikiwa tabaka jembamba, zifunikwe kwa kitambaa safi, na zitoke kwenye sinia moja kwa moja hadi kwenye kifuko kilicholazwa. Kama lazima ndoo iwepo, basi ilazwe ubavu wakati wa kujaza, isimamishwe taratibu. Ni mambo ya kuonyeshwa kwa nusu saa. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, limefundisha Watanzania wengi kukaanga na kufungasha. Nusu saa hiyo ingepatikana bila kugusa bajeti.

Kifuko chenyewe kina siri nyingine. Viwanda hujaza gesi ya naitrojeni kwenye pakiti, kwanza ili mafuta yasichache, pili ili pakiti ivimbe na kuwa mto. Mteja hulalamika kuwa ameuziwa hewa. Ameuziwa kweli, na bila hewa hiyo angeuziwa chenga. Mkaangaji mdogo anayeziba nailoni kwa mwali wa mshumaa na kipande cha msumeno naye anaweza kubakiza hewa ndani kabla ya kuziba, lakini hapo mwinuko unamcheza shere. Nyanda hizi ziko mita 1,200 hadi 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Pakiti iliyofungwa Dar ikipanda Kibondo huvimba kama inataka kupasuka. Iliyofungwa Kibondo ikishuka Dar hunywea, na mto unapungua kadiri safari inavyoendelea. Fizikia nayo imeamua kuwapendelea wa pwani.

Na safari ni ndefu. Lami imekuwa ikisogea kwenye barabara ya Kabingo hadi Kasulu na Manyovu, takriban kilomita 260, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2018. Watu huihesabu faida yake kwa saa zilizookolewa na nauli zilizoshuka. Kwa krips, faida kubwa iko kwenye mitetemo. Barabara ya changarawe iliyoota vituta hulitikisa lori kwa mdundo ule ule kwa saa nyingi, na boksi lililo juu kabisa, nyuma ya ekseli ya nyuma, hurushwa kuliko yote. Lori tupu au lililobeba nusu huruka zaidi ya lililojaa. Kwa hiyo anayepeleka krips aombe nafasi ya mbele, kwenye lori lenye mzigo wa kutosha, boksi zake zifungwe zisicheze, na juu yake kusiwekwe gunia la maharage. Ombi la mwisho ndilo gumu kukubaliwa na makondakta.

Hata lami ikikamilika hadi mlangoni, bado kuna kupakia na kupakua. Boksi la krips halina uzito wa kumshawishi kuli kuwa lina kitu cha maana, kwa hiyo hulirusha. Gunia la unga la kilo 50 hubebwa kwa heshima, si kwa sababu linaweza kuumia, ila kwa sababu litamuumiza yeye.

Kuna sehemu za mkoa huu ambako uzima wa chakula haukuwahi kuwa na bei. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, na Nduta ilifunguliwa tena Kibondo mwaka 2015, Warundi walipokuwa wakivuka kwa maelfu, wengine kupitia kijiji cha Kagunga ukingoni mwa Ziwa Tanganyika ambako meli ya MV Liemba iliwachukua hadi Kigoma mjini. Watu wanaofika hawana sufuria wala kuni, na kwa hali kama hiyo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lina biskuti zake za nguvu, pakiti ya gramu 100 yenye kilokalori 450 hivi. Biskuti hizo husafiri bahari na barabara mbovu, na zikifika zimekuwa vipande, kilokalori ni zile zile. Kinachohesabiwa ni pakiti. Mwenye njaa hapindui kifuko kuangalia chenga. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha wazi nani anayelipia uzima wa krips: ni mtu aliyeshiba, aliyeko mbali, mwenye krips za aina nyingine kumi kwenye rafu. Kumfikia mtu huyo kutoka Busunzu ni kushindana na kiwanda kilicho kilomita chache kutoka dukani kwake.

Nadhani ushindani huo haufai kuingiwa kwa mlango huo. Ipo njia ya katikati, na imetumika kwa muda mrefu. Indonesia hutengeneza kerupuk kwa wanga wa muhogo: unga hukandwa, hupikwa, hukatwa slesi, hukaushwa juani mpaka ziwe ngumu. Slesi hizo kavu ndizo zinazosafiri, na hukaangwa karibu na mlaji, zikivimba kwa sekunde chache kwenye mafuta ya moto. Viwanda vikubwa navyo vina bidhaa za namna hii, vipande vigumu visivyokaangwa vinavyotengenezwa mahali pamoja na kukaangwa kwingine. Watu wa pwani wanaijua kanuni hiyo kwenye papadi. Kipande kikavu ambacho hakijakaangwa ni kizito na kigumu, hakijawa kioo chenye matundu, kwa hiyo hurushwa, hubanwa, hukaliwa na makuli. Hakihitaji hewa kwenye kifuko wala nafasi ya mbele kwenye lori, na boksi moja hubeba uzito ambao kwa krips ungehitaji maboksi mengi.

Kwa Busunzu sehemu kubwa ya kazi hii si ngeni. Anayetengeneza makopa na udaga tayari anajua kumenya, kukata na kuanika. Tofauti ni kwamba hapa muhogo hauvundikwi. Unahitajika muhogo mtamu, usio na sumu nyingi kama ule mchungu, ukapikwa kwanza, na uanikaji ufanyike juu ya vichanja, si kando ya barabara ambako udaga mwingi hujipatia mchanga wake. Kiangazi cha kuanzia Mei hadi Septemba kinatosha kukausha bila mashine. Masika hayatoshi, na anayepanga biashara hii apange mwaka wa miezi mitano ya kuanika.

Pingamizi naliona. Mkaangaji wa Mwanza au Dar ndiye atakayetia chumvi, jina na picha ya rangi kwenye pakiti, na ndiye atakayechukua faida nono. Ni kweli, na inauma. Lakini faida nono ya chenga ni hadithi tu. Sehemu ndogo ya mzigo uliofika mzima, unaolipwa kwa kilo, ina nafuu kuliko sehemu kubwa ya mzigo ambao mwenye duka anaurudisha. Na krips za kukaangwa zisiachwe: stendi ya Kibondo, soko la Kasulu, shule, magulio, kila mahali panapofikiwa kwa bodaboda siku hiyo hiyo ni soko lake halali, alimradi ndoo imeondolewa kwenye mlolongo.

Kwa soko la mbali, hukumu yangu ni kwamba kikaangio kisinunuliwe kwanza. Wanaoandaa mafunzo ya wasindikaji wa muhogo Kibondo na Kasulu waanze na vichanja, mashine ya kukatia na somo la kukausha slesi zilizopikwa, kabla ya kiangazi kijacho.